Kutafiti Fikra Mgando na Ujifunzaji Chuoni: Mwongozo Kamili kwa Mtafiti wa Mombasa

Mwanafunzi wa bara anayepangiwa chuo kikuu mjini Mombasa hufika Tudor akiwa amekwisha kuambiwa kwamba watu wa Pwani ni wavivu na kwamba masomo huku huenda polepole. Mwenzake aliyezaliwa Kisauni au Likoni humpokea akiwa naye ameambiwa kwamba wabara ni watu wa pupa, wasiojua adabu wala kungoja zamu. Wote wawili huketi katika ukumbi mmoja wakifundishwa takwimu na mhadhiri ambaye naye ana yake aliyoyasikia. Je, maneno hayo hugusa kile ambacho wanafunzi hao wanajifunza, au ni maneno ya barazani tu yasiyovuka mlango wa darasa? Swali hili linatafitika, na mwongozo huu umeandikwa kwa ajili ya mwanafunzi wa mwaka wa mwisho, mwanafunzi wa uzamili au mhadhiri anayetaka kulitafiti kwa njia itakayosimama mbele ya watahini.

Tasnifu nyingi za aina hii hupima maoni kwa hojaji, kisha katika sura ya mwisho zikatoa hukumu kuhusu ujifunzaji ambao haukupimwa popote. Hilo ndilo ninalolipinga katika kurasa hizi zote. Mtazamo na ujifunzaji ni vitu viwili, kila kimoja kinadai kipimo chake, na uhusiano baina yao ndio unaotafutwa. Haufai kudhaniwa tangu mwanzo.

Hatua ya kwanza: Tenganisha unachotaka kupima

Kabla ya kuandika hata kichwa cha pendekezo lako la utafiti, andika katika karatasi moja maana utakazozitumia. Fikra mgando ni imani kwamba watu wa kundi fulani wana sifa fulani kwa sababu tu ni wa kundi hilo. Mwandishi wa habari wa Marekani, Walter Lippmann, alizieleza mwaka 1922 kuwa picha tulizo nazo vichwani. Mtazamo ni mwelekeo wa kukipenda au kukichukia kitu, kukikubali au kukikataa. Ubaguzi ni tendo: kumnyima mtu nafasi, kutomchagua katika kundi la kazi, kumkatiza anapozungumza. Tena mtu aweza kuijua fikra mgando bila kuiamini. Patricia Devine alilionyesha hilo mwaka 1989, na tofauti hiyo ni muhimu sana Mombasa, ambako hakuna asiyejua utani kuhusu Pwani na bara, lakini wengi huusema wakicheka bila kuushika moyoni.

Umbali kati ya kauli na tendo ulikwisha kuonekana zamani. Richard LaPiere alizunguka Marekani pamoja na mume na mke Wachina mwanzoni mwa miaka ya 1930, wakati ambapo chuki dhidi ya Wachina ilikuwa kubwa nchini humo, wakapita katika hoteli na mikahawa 251 na kukataliwa mara moja tu. Baadaye aliwaandikia wenye biashara hizo kuwauliza kama wangewapokea wageni Wachina, na zaidi ya asilimia 90 ya waliojibu walisema hapana. Utafiti huo, uliochapishwa mwaka 1934, una kasoro zake, kwani hakuna ajuaye kama aliyejibu barua ndiye aliyewapokea wageni mlangoni. Hata hivyo unatosha kumzuia mtafiti asichukue jibu la hojaji akaliita tabia.

Swali zuri la utafiti litaonyesha utengano huo. Katika mwongozo huu nitatumia mfano mmoja hadi mwisho: je, kufundishana katika makundi mseto kunabadilisha fikra mgando walizonazo wanafunzi wa mwaka wa kwanza kuhusu wenzao wa Pwani na wa bara, na je, kunabadilisha kiasi wanachojifunza katika mada moja ya takwimu? Hapo pana matokeo mawili yanayoweza kwenda pamoja, kwenda kinyume, au kutohusiana kabisa.

Hatua ya pili: Soma yaliyothibitika pamoja na yaliyoyumba

Sura ya mapitio ya maandishi isiwe orodha ya sifa. Uwanja huu umepitia misukosuko, na mtahini makini atataka kujua kama una habari.

Utafiti unaonukuliwa kuliko mwingine ni ule wa Claude Steele na Joshua Aronson wa mwaka 1995, uliofanyika Stanford. Wanafunzi weusi na weupe walipewa maswali magumu ya lugha. Walipoambiwa kwamba zoezi linapima uwezo wao wa akili, wanafunzi weusi walifanya vibaya zaidi kuliko weupe waliokuwa na alama za awali zinazolingana na zao. Walipoambiwa kwamba ni zoezi la utafiti tu, pengo lilipungua. Watafiti waliliita jambo hilo tishio la fikra mgando: hofu ya kuthibitisha kwa matokeo yako kile kibaya kinachosemwa kuhusu watu wako. Mwaka 1999 Steele, pamoja na Steven Spencer na Diane Quinn, alitoa matokeo yanayofanana kuhusu wanawake na hisabati.

Tafiti zilizofuata hazikuwa na sauti moja. Mwaka 2015 Paulette Flore na Jelte Wicherts walikusanya tafiti kuhusu wasichana na hisabati, wakaona dalili kwamba zilizopata tokeo ndizo zilizochapishwa zaidi, na mwaka 2018 jaribio kubwa la Flore na wenzake kwa zaidi ya wanafunzi 2,000 wa sekondari Uholanzi halikupata athari hiyo. Mwaka huohuo wa 2015 kundi la watafiti lilikuwa limetoa ripoti ya kurudia tafiti 100 za saikolojia: asilimia 97 ya tafiti za awali zilikuwa na matokeo yenye umuhimu wa kitakwimu, yaani yasiyoelekea kuwa ya bahati tu, lakini ziliporudiwa ni asilimia 36 tu zilizoyapata tena. Kwa hiyo andika kwamba tishio la fikra mgando ni nadharia yenye ushahidi unaopingana, wala usiandike kwamba limethibitishwa.

Matarajio ya walimu nayo yana historia kama hiyo. Robert Rosenthal na Lenore Jacobson walieleza mwaka 1968 jinsi walivyowaambia walimu wa shule moja ya msingi huko California kwamba baadhi ya watoto, kama asilimia 20 hivi, wangechanua mwaka huo, ilhali watoto hao walichaguliwa kwa bahati nasibu. Athari ilionekana zaidi katika madarasa mawili ya chini, na njia ya upimaji ilikosolewa vikali. Lee Jussim na Kent Harber, walipopitia tafiti za miongo mitatu mwaka 2005, waliona kwamba matarajio ya mwalimu hujitimiza kweli, ila kwa kawaida athari ni ndogo. Athari ndogo si bure, lakini haibebi hitimisho la kwamba wahadhiri wa Mombasa ndio wanaowafelisha wanafunzi wao.

Ushahidi ulio imara zaidi, kwa maoni yangu, ni ule wa makutano ya makundi. Gordon Allport alipendekeza mwaka 1954 kwamba kukutana hupunguza chuki pale watu wanapokuwa na hadhi sawa, lengo moja, ushirikiano wa kweli na baraka za wenye mamlaka. Thomas Pettigrew na Linda Tropp walijumlisha tafiti 515 mwaka 2006 na kuona kwamba makutano kwa jumla huenda sambamba na kupungua kwa chuki. Na mwaka 1971 huko Austin, Texas, shule zilipokuwa zikichanganya watoto wa rangi mbalimbali kwa mara ya kwanza na fujo zikazuka, Elliot Aronson na wanafunzi wake walibuni darasa la vipande: kila mtoto hupewa sehemu moja ya somo ambayo wenzake hawana, na hakuna anayeweza kufaulu bila kumsikiliza mwingine. Elliot, kwa taarifa tu, ni baba wa yule Joshua wa Stanford.

Kumbuka pia onyo la Joseph Henrich na wenzake la mwaka 2010, kwamba sehemu kubwa ya saikolojia imejengwa juu ya wanafunzi wa nchi za Magharibi, ambao ni wachache duniani na mara nyingi si mfano wa walio wengi. Hiyo ndiyo hoja bora ya kueleza kwa nini utafiti wa Mombasa una thamani.

Hatua ya tatu: Chagua muundo

Hojaji ya mara moja itakuambia nani anaamini nini, wala haitakuambia nini kimesababisha nini. Kwa swali letu linahitajika jaribio: pande mbili, wanafunzi wagawiwe kwa bahati nasibu. Upande wa kwanza hutumia darasa la vipande. Upande wa pili husoma maelezo yaleyale, kwa muda uleule, na pia katika makundi ya watu watano, isipokuwa kila mmoja anayo maelezo yote. Ukiwaacha upande wa pili wasikilize mhadhara wa kawaida, hutajua kama tofauti imeletwa na kutegemeana au na kukaa pamoja tu.

Tuseme mada ni uwiano kati ya vigeu viwili. Igawe katika vipande vitano: mchoro wa nukta, hesabu ya kizigeu cha uwiano, maana ya alama chanya na hasi, athari ya thamani zilizo mbali na nyingine, na tofauti kati ya uwiano na usababishi. Wenye kipande kimoja kutoka makundi yote hukutana kwanza wakakichambua pamoja, kisha kila mmoja hurudi katika kundi lake na kuwafundisha wenzake.

Jaribu kadiri uwezavyo mhadhiri mmoja afundishe pande zote mbili. Wahadhiri wakiwa wawili, mmoja kwa kila upande, utakuwa umepima tofauti baina yao, na hakuna hesabu itakayokuokoa baadaye.

Hatua ya nne: Vibali na ulinzi wa washiriki

Pendekezo hupita kwanza kwa msimamizi, halafu kwa kamati ya maadili ya chuo, kisha huombwa leseni ya utafiti kutoka NACOSTI, tume ya taifa inayofanya kazi chini ya Sheria ya Sayansi, Teknolojia na Uvumbuzi ya mwaka 2013. Ukishapata leseni, jitambulishe katika ofisi za serikali za kaunti zinazohusika. Anza mapema, muhula hausubiri kibali.

Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 inahesabu asili ya kikabila na imani ya mtu kuwa data nyeti. Kwa hiyo usiulize kabila kwa mazoea, kana kwamba kila hojaji lazima iwe na kisanduku hicho. Katika mfano wetu kinachohitajika ni kujua kama mwanafunzi alisomea sekondari katika kaunti sita za Pwani, yaani Mombasa, Kwale, Kilifi, Tana River, Lamu na Taita-Taveta, au kwingineko. Swali hilo ni jepesi zaidi kujibika na kwa hakika ni sahihi zaidi, kwani Mkamba aliyezaliwa Changamwe, Mdigo wa Kwale, Mtaita wa Wundanyi na Mswahili wa Mji wa Kale hawaingii katika kapu moja, na kila mmoja wao ana lake la kusema juu ya nani hasa ni mtu wa Pwani. Ongeza swali la mwanafunzi anavyojitambua mwenyewe, kwa maneno yake, naye awe huru kuliacha.

Ridhaa ndiyo sehemu inayopuuzwa. Mwanafunzi anayeombwa kushiriki na mhadhiri atakayemsahihishia mtihani hana uhuru kamili wa kukataa, hasa mahali ambapo kumkatalia mkubwa huhesabiwa kukosa heshima. Fomu za ridhaa zikusanywe na mtu asiyefundisha somo hilo, na mhadhiri asijue nani ameridhia hadi alama za muhula ziwe zimekwisha kuwasilishwa. Wasioridhia wahudhurie masomo yaleyale; data zao tu ndizo zisitumike.

Hatua ya tano: Tunga hojaji bila kupanda unachokitafuta

Hapa ndipo kazi nyingi huharibika, nami nitakaa hapa kwa muda.

Daniel Katz na Kenneth Braly, mwaka 1933, waliwapa wanafunzi 100 wa Princeton orodha ya sifa 84 na kuwataka wachague zile zinazolifaa kila taifa au kabila katika makundi kumi. Njia hiyo ilitoa picha ya wazi ya fikra mgando za wakati ule, lakini ilimsukuma kila mshiriki kujibu kana kwamba kundi zima lina sifa moja. Ukimwekea mwanafunzi wa Mombasa orodha yenye maneno mvivu, mchapakazi, mwerevu na mjanja, atachagua kwa sababu ameambiwa achague, nawe utarudi na fikra mgando ambazo kwa sehemu umezitengeneza mwenyewe. Tena si busara kuchapisha sentensi kali dhidi ya kabila lolote na kuzigawa darasani. Sheria ya Uwiano na Utangamano wa Kitaifa ya mwaka 2008 inakataza uchochezi wa chuki za kikabila, na hata bila sheria hiyo, karatasi hupigwa picha na kusambaa ikiwa imekatwa kutoka muktadha wake.

Njia iliyo salama ni kutumia kauli za wastani katika kipimo cha Rensis Likert, alichokitoa mwaka 1932, chenye majibu matano kuanzia nakubali kabisa hadi sikubali kabisa. Andika kauli kwa jozi, moja ya kupima kujua na nyingine ya kupima kuamini. Kwa mfano: “Wanafunzi wengi hapa chuoni husema kwamba waliosomea Pwani huhitaji muda zaidi kuelewa hisabati.” Kisha, mbali kidogo katika karatasi: “Mahali mtu aliposomea sekondari hunisaidia kukisia atakavyofanya katika hisabati.” Tunga na za kuwahusu waliosomea bara vilevile, ili pasiwe na upande unaojiona umewekwa kizimbani.

Watu wengi huelekea kukubali kila wanachoambiwa, na adabu ya Pwani, ambayo humfanya mtu aseme “haya” kuliko kumkatalia mgeni usoni, huenda ikauongeza mwelekeo huo. Ndiyo sababu nusu ya kauli zielekee upande mmoja na nusu upande wa pili. Lakini usizigeuze kwa kuongeza ukanusho. Kauli kama “Sidhani kwamba wanafunzi wa bara hawashirikiani” ikijibiwa “sikubali” humwacha mshiriki, na mtafiti pia, wasijue kimekataliwa nini. Igeuze kwa maana: “Wanafunzi waliotoka bara huwasaidia wenzao katika kazi za kundi.”

Neno la katikati ya kipimo liangaliwe. “Sina hakika” huchaguliwa na asiyejua, na aliye katikati kweli, na pia anayeogopa kusema. “Sikubali wala sikatai” ni afadhali, ukiongeza nafasi ya “sipendi kujibu” kando.

Kuhusu lugha, wanafunzi hufundishwa kwa Kiingereza lakini maneno tunayoyatafiti huishi katika Kiswahili. Andaa hojaji ya Kiswahili. Ukichukua kipimo kilichotungwa kwa Kiingereza, fuata utaratibu aliousisitiza Richard Brislin mwaka 1970: mtu mmoja atafsiri, mwingine asiyeiona asili arudishe katika lugha ya kwanza, kisha matini mbili za Kiingereza zilinganishwe. Mmoja wa watafsiri awe wa Mombasa na mwingine wa bara, kwani kauli iliyo nyepesi kwa mzawa wa Kuze yaweza kumkwama aliyekulia Eldoret.

Ongeza kipimo kimoja cha tendo. Mwombe kila mwanafunzi ataje wenzake watatu ambao angependa kufanya nao mradi wa muhula ujao, ukieleza kwamba orodha hiyo itazingatiwa kweli katika upangaji, nawe uizingatie. Idadi ya walioteuliwa kutoka eneo lisilo la mteuzi, Pwani au bara, itakuambia mengi ambayo kauli za Likert hazitakuambia.

Maswali ya jinsia, umri na mahali pa sekondari yawekwe mwishoni, wala hojaji isitolewe dakika chache kabla ya jaribio la takwimu. Hata kama tishio la fikra mgando lina shaka, tahadhari hii haina gharama.

Hatua ya sita: Pima ujifunzaji kwa kile mwanafunzi anachoweza kufanya

Kauli “nimejifunza mengi katika somo hili” ni mtazamo. Louis Deslauriers na wenzake, katika utafiti wa mwaka 2019 uliofanyika katika madarasa ya fizikia ya Harvard, waliona kwamba wanafunzi waliofundishwa kwa kushirikishwa walijifunza zaidi kuliko waliosikiliza mihadhara mizuri, lakini wakahisi wamejifunza kidogo kuliko wao. Jasho la kufikiri lilichukuliwa kuwa dalili ya kutoelewa. Darasa la vipande lina jasho hilo hilo, hivyo mtafiti atakayetegemea hisia za wanafunzi anaweza kutoa jibu lililopinduka kabisa.

Andaa majaribio matatu yanayolingana kwa ugumu: moja kabla ya somo, moja mwishoni, na moja wiki tatu baadaye bila kutangazwa kuwa litakuja. La tatu ndilo la thamani. Henry Roediger na Jeffrey Karpicke walionyesha mwaka 2006 kwamba waliorudia kusoma matini walikumbuka zaidi baada ya dakika tano, asilimia 81 dhidi ya 75 ya wale waliojijaribu kwa kuandika walichokumbuka, lakini baada ya wiki moja mambo yaligeuka, asilimia 42 dhidi ya 56. Anayepima siku ile ile tu hupima kumbukumbu ambayo bado ina moto wa jikoni.

Maswali yasiwe ya kukariri fasili pekee. Yawepo yanayomtaka mwanafunzi atumie alichojifunza katika hali asiyoizoea: mpe takwimu za kubuni za mvua na bei ya samaki katika soko la Kongowea, umwulize kama mvua ndiyo imepandisha bei na ni taarifa gani nyingine angehitaji. Wasahihishaji wawe wawili, wasijue karatasi ni ya upande gani, na ukubaliano wao uripotiwe. Majina yafichwe pia, kwa sababu majina yetu hutangaza kwao na dini ya mtu kabla hata jibu la kwanza halijasomwa, na utafiti kuhusu fikra mgando ukisahihishwa hivyo utakuwa umejitia kitanzi.

Hatua ya saba: Hesabu idadi ya washiriki kabla, si baada

Kwa kipimo cha ukubwa wa athari kilichoenezwa na Jacob Cohen, yaani tofauti ya wastani wa pande mbili ikigawanywa kwa mkengeuko sanifu, ambapo 0.2 ni ndogo, 0.5 ya wastani na 0.8 kubwa, jaribio la pande mbili linahitaji washiriki 64 kila upande ili kuwa na uwezekano wa asilimia 80 wa kuiona athari ya 0.5, katika kiwango cha umuhimu cha 0.05. Athari ikiwa 0.2, wanahitajika takriban 393 kila upande.

Waliofanya kazi katika kundi moja hufanana, kwa hiyo watu watano wa kundi moja hawana uzito wa watu watano huru. Kanuni ni kuzidisha idadi kwa 1 + (m − 1)ρ, ambapo m ni ukubwa wa kundi na ρ ni kiasi cha kufanana ndani yake. Kwa makundi ya watano na ρ ya 0.1 unapata 1.4, na 64 inakuwa 90 kila upande, jumla 180. Ukitarajia asilimia 15 kuacha njiani, waandikishe watu 212. Kama darasa lako lina wanafunzi 70, usijidanganye: punguza swali, au ungana na mtafiti wa chuo kingine.

Hatua ya nane: Jaribu kwanza, kisha tekeleza

Wape hojaji wanafunzi kama 30 wasio katika utafiti, na watano kati yao waijibu wakisema kwa sauti wanachofikiria kwa kila kauli. Dakika hizo zitafichua zaidi kuliko kizigeu cha Cronbach, kipimo cha jinsi kauli za hojaji zinavyokwenda pamoja, ambacho hata hivyo utakihesabu. Kwa desturi 0.70 huhesabiwa kuwa inatosha, ingawa kipimo thabiti chaweza kuwa kinapima kitu kingine kabisa.

Panga ratiba ukiitazama Mombasa ilivyo. Kipindi cha Ijumaa adhuhuri kitawakosa Waislamu wengi, na wakikosekana upande mmoja zaidi ya mwingine, ulinganisho umeharibika. Usipime kabla ya Ramadhani kisha ukapima tena katikati yake alasiri, ukadhani umepima athari ya somo. Kipindi cha asubuhi mapema huwaonea wanaovuka feri ya Likoni. Katika kupanga makundi, msaidizi achanganye waliosomea Pwani na bara kwa bahati nasibu yenye masharti, yaani kila kundi lipate wa pande zote mbili, na wanafunzi wasitangaziwe kwamba wamechanganywa kwa asili zao. Ukiwaambia, kila mmoja ataingia kundini akiwa balozi wa kwao.

Kaa darasani uone kama utaratibu unafuatwa. Mara nyingi mzungumzaji mmoja huwanyang’anya wenzake vipande na kuwasomea yote. Elliot Aronson alikuwa na dawa rahisi: mpe mmoja katika kila kundi uongozi wa mazungumzo, kwa zamu, na kazi yake iwe kuhakikisha kila mmoja anapata nafasi ya kusema.

Hatua ya tisa: Changanua ulichoahidi

Kabla ya kuona data, andika uchambuzi utakaofanya na uusajili mahali penye tarehe, kama vile Open Science Framework, ambako huduma ni ya bure. Programu za takwimu za R na JASP pia ni za bure na zinatosha.

Linganisha alama za mwisho za pande mbili huku ukidhibiti alama za awali, na utumie modeli inayozingatia kwamba wanafunzi wamo ndani ya makundi. Ripoti ukubwa wa athari na mipaka yake ya uhakika ya asilimia 95, usiishie kwenye thamani ya p, yaani uwezekano wa kupata tofauti kama hiyo au kubwa zaidi kwa bahati tu. Matokeo ya fikra mgando na ya ujifunzaji yaripotiwe kila moja peke yake, kisha ndipo uulize kama waliobadilika katika moja ndio waliobadilika katika jingine. Uhusiano huo wa mwisho ukiuona, kumbuka kwamba haukugawiwa kwa bahati nasibu, hivyo si ushahidi wa usababishi.

Usianze kuchimba vijikundi, wanawake wa Kwale kando na wanaume wa Machakos kando, hadi upate tofauti inayong’aa. Ukiwa na vijikundi ishirini, kwa wastani kimoja kitang’aa kwa bahati tu. Na tokeo la kutoona tofauti liandikwe kwa urefu uleule ambao ungeliandika lingine.

Hatua ya kumi: Rudisha matokeo

Andaa kikao na wanafunzi walioshiriki, alama zao za muhula zikiwa zimekwisha kutolewa, uwaeleze kilichotafitiwa na kwa nini hawakuambiwa jinsi makundi yalivyopangwa, na umruhusu anayetaka kuondoa data zake aziondoe. Waliokuwa upande wa pili wapewe nafasi ya kusoma mada inayofuata kwa vipande. Nakala ya ripoti ipelekwe NACOSTI na katika idara. Unapoandika muhtasari wa gazeti au wa redio, taja wastani wa pande za jaribio tu, usitaje wastani wa Pwani dhidi ya bara hata kama mwandishi wa habari anausisitiza. Faili inayounganisha majina na namba za washiriki ifutwe mara tu muda wa kujiondoa unapokwisha, na data zilizobaki bila majina ziwekwe mahali ambapo mtafiti mwingine anayetaka kurudia jaribio lako ataweza kuziomba.